Usiku mgonjwa akizidiwa: hospitali za wilaya na namba 115

Kwa miaka mingi, mtu wa Nungwi au Makunduchi akizidiwa sana usiku, mara nyingi shauri lilikuwa moja: tafuta gari, mpeleke Mnazi Mmoja. Ni mwendo wa takriban kilomita 60. Huko mjini, aliyepata ajali, mzazi anayetoka damu na mwenye homa ya kawaida wote hukutana mlango mmoja.

Ndiyo maana Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitumia sehemu ya fedha za mkopo wa UVIKO-19 kujenga hospitali za wilaya, kama ile ya Kitogani kwa watu wa kusini. Mjini nako imejengwa Hospitali ya Mkoa ya Lumumba. Lengo ni Mnazi Mmoja ibaki na wagonjwa wa rufaa.

Lakini jengo halimfuati mgonjwa nyumbani. Saa nane za usiku daladala hakuna, na mwenye gari huenda akataka pesa kwanza.

Kwa wazazi na vichanga, pengo hilo linazibwa na mpango wa m-mama. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa Dodoma Aprili 2022, na Zanzibar nayo imo. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, kisha anatuma ambalansi. Ikiwa iko mbali, anaitwa dereva wa karibu aliyesajiliwa, na nauli yake analipwa na mpango kwa simu. Familia haitoi kitu. Hospitali nayo hupewa taarifa mapema ijiandae.

Anahudumiwa mjamzito, mzazi hadi siku 42 baada ya kujifungua, na mtoto hadi siku 28. Usingoje asubuhi ukiona damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, au kichanga aliyeacha kunyonya. Hapo shangazi na bibi wasianze kikao. Mama wengi hupotea familia ikiwa bado inashauriana.

Aliyevunjika mguu au aliyebanwa na pumu hayumo katika mpango huu. Yeye bado anategemea ambalansi ya kituo au jirani mwenye chombo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi kubwa iliyobaki. Kwa sasa, ulizia mchana: kituo chenu hufungwa saa ngapi, na hospitali gani ya karibu hupokea wagonjwa usiku kucha?