Chuma Hukaa, Mpini Huondoka

Kiswahili humtambua mnyonge kwa kuwa ameshika makali, na mwenye nguvu kwa kuwa ameshika mpini. Kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Tabora, msemo huo ulikuwa na uzito wa pauni na ratili. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, mji ulikuwa kituo kikuu cha biashara ya pembe za ndovu. Wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba mabegani hadi pwani, na Zanzibar ikaziuza Bombay, London na Marekani. Sheffield, Uingereza, pembe za ndovu zilipasuliwa kuwa mipini ya visu na nyembe; watengenezaji visu Joseph Rodgers & Sons walisifika kwa ghala lao la pembe.

Tuuweke wembe wa kukunja wa Sheffield kando ya jembe la mkono la Unyamwezi, nchi ya wapagazi hao.

Wembe hukaa kati ya vibao viwili vyembamba. Ribiti ya mbele ni bawaba. Upande wa pili kuna kabari ndogo, mara nyingi ya risasi, inayovitenganisha vibao ili makali yasivikwaruze wembe ukifungwa. Mpini huu haupokei kishindo. Kazi yake ni kuyafunika makali, ndiyo maana mafundi waliupamba kwa pembe za ndovu, gamba la ng'amba na pembe za ng'ombe.

Jembe lina mkia uliochongoka. Mchongaji huchagua mti wenye kichwa kinene kama rungu, hukitoboa kwa chuma cha moto, kisha hupenyeza mkia. Hakuna ribiti wala gundi. Kila pigo la ardhini husukuma mkia ndani zaidi: kulima kwenyewe ndiko kunakokaza mpini.

Tofauti hujitokeza zaidi kitu kinapoharibika. Anayefufua wembe wa zamani hupiga tupa kichwa cha ribiti, huisukuma itoke, kisha husugua kutu kwa msasa laini, akichunga asifute jina la kiwanda lililogongwa shingoni. Anatunza asili. Mkulima mpini ukimkatikia huingia porini kuchonga mwingine, na jembe lililolika hadi kubaki kama kiganja bado analiita jembe lake. Anatunza kazi. Hata hivyo wote wawili wanakiri jambo moja: chuma hukaa, mpini huondoka.

Tamaa ya mpini wa fahari ndiyo iliyoleta hasara. Viwanda viliiga pembe kwa seluloidi, na seluloidi ikichakaa hutoa mvuke unaokula chuma; mpini unaula wembe uliopaswa kuulinda. Pembe halisi nazo ziligharimu ndovu, hadi biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989.

Kwa hiyo anayetaka kuupa wembe wa kale mpini mpya leo, naona mwalimu wake yuko Unyamwezi. Achukue kipande cha mninga au mpingo, akilainishe, akipake nta ya nyuki, ambayo misitu ya miombo ya Tabora inayo kwa wingi. Mpagazi alibeba pembe za kupamba viganja vya wengine, lakini mpini wa jembe lake aliuchonga mwenyewe, kwa kipimo cha mkono wake. Huo ndio mpini wa kuiga.