Historia fupi ya besi fupi

Kwa kawaida hapa huwa tunazungumza habari za programu na tarakilishi, lakini leo nataka tuangalie chombo cha muziki. Usikimbie, ndugu msomaji. Hii pia ni habari ya teknolojia: kuna kanuni moja ya fizikia yenye umri wa karibu miaka 400, na kuna mafundi ambao wamejaribu kila njia ya kuikwepa. Swali lenyewe ni hili: gitaa la besi linaweza kufupishwa kiasi gani, liwe la bei nafuu na rahisi kubeba, na bado likabaki kuwa besi?

Swali hili si la mchezo kwa mtu anayepanda matatu na besi yake. Besi ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 117 kutoka kichwa hadi mkia. Makanga akikudai nauli ya kiti cha pili huwezi kumlaumu sana, maana kweli imekalia kiti. Ndiyo sababu vijana wengi hujifunzia besi ya kanisa au ya shule: wiki nzima hawaigusi, kisha siku ya kupiga wanatarajiwa wawe mabingwa. Kwa watu kama hao, chombo kidogo cha bei ya chini ndicho kinachoamua kama watafanya mazoezi au hawatafanya.

Kanuni isiyo na njia ya mkato

Mwaka 1636 mtawa na mwanahisabati Mfaransa aitwaye Marin Mersenne alichapisha kitabu chake Harmonie universelle. Humo alieleza kwamba sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, mvutano wake, na uzito wake kwa kila sentimita. Ukiurefusha uzi, sauti inashuka. Ukiukaza, inapanda. Ukiweka uzi mzito zaidi, inashuka. Ni hayo tu, na hakuna aliyewahi kuyapinga.

Kwenye gitaa, urefu tunaouzungumzia ni wa ile sehemu ya uzi inayotetemeka, kuanzia mwisho wa shingo karibu na kichwa hadi kwenye daraja. Mafundi huuita skeli. Besi ya kawaida ina skeli ya inchi 34. Uzi wake mnene kabisa, ule wa E, unatakiwa kutetemeka mara 41.2 kwa sekunde.

Sasa chukua uzi uleule, uufunge kwenye besi fupi, na utake sauti ileile. Itakubidi uulegeze, na mvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu. Nimepiga hesabu:

- Inchi 34 (sm 86): mvutano asilimia 100
- Inchi 30 (sm 76): asilimia 78
- Inchi 28.6 (sm 73): asilimia 71
- Inchi 20.5 (sm 52): asilimia 36
- Inchi 18 (sm 46): asilimia 28

Uzi wenye asilimia 28 ya mvutano wake ni kamba ya kuanikia nguo. Haupigi, unaning'inia. Dawa ni kuuongezea uzito: kwenye inchi 18 utahitaji uzi wenye uzito wa zaidi ya mara tatu na nusu. Lakini chuma kinene ni kigumu kupinda, na uzi mfupi mgumu hutoa sauti isiyopatana, kama kengele iliyopasuka. Shika jambo hili moja, kwa sababu historia yote inayofuata inalizunguka: kufupisha mbao ni kazi ya msumeno na dakika tano. Kazi halisi iko kwenye uzi.

Seattle hadi California

Besi kubwa ya kusimama, ile inayopigwa kwenye okestra na jazi, ina skeli ya takriban inchi 41 au 42. Ni kubwa kama mtu, na kwenye bendi yenye tarumbeta haisikiki vizuri. Mjini Seattle, Marekani, mwalimu wa muziki Paul Tutmarc alianza kuuza karibu mwaka 1936 besi ya umeme ya kupakata, yenye freti, aliyoiita Audiovox 736. Skeli yake ilikuwa kidogo zaidi ya inchi 30. Kwa hiyo besi ya kwanza ya umeme ya kushikwa kama gitaa ilikuwa fupi. Watu wengi hudhani ufupi ulikuja baadaye kama upungufu, kumbe ndio uliotangulia.

Audiovox haikuenea. Aliyebadilisha mambo ni Leo Fender, fundi wa redio wa California, alipotoa Precision Bass mwaka 1951. Alichagua inchi 34. Ni urefu wa maafikiano: mrefu wa kutosha uzi wa chuma usilegee, mfupi wa kutosha mkono wa mtu ufike. Besi hiyo ilipata soko kubwa kiasi kwamba inchi 34 ikawa sheria isiyoandikwa, kama vile mpangilio wa herufi za QWERTY kwenye kibodi. Tangu siku hiyo, kila besi fupi imelazimika kujieleza.

Bei iliyoandika historia

Gibson walijibu mwaka 1953 na besi ya inchi 30.5 yenye umbo la fidla. Ilikuwa hata na mguu wa chuma wa kuvuta, ili mpigaji akitaka aisimamishe kama besi ya zamani. Nchini Ujerumani, kampuni ya Höfner ikatoa modeli yake 500/1 mwaka 1956, nayo ya umbo la fidla, tupu ndani, nyepesi, skeli inchi 30.

Mwaka 1961 kijana mmoja wa Liverpool aliyekuwa akipiga muziki kwenye vilabu vya Hamburg alihitaji besi. Fender ilikuwa karibu pauni 100. Höfner ilikuwa karibu pauni 30. Alichukua ya 30. Pia alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na umbo la fidla likigeuzwa halionekani ajabu. Kijana huyo ni Paul McCartney. Besi ile iliibwa London mwaka 1972, na habari za kurudishwa kwake zilitangazwa mwaka 2024. Besi fupi maarufu kuliko zote duniani ilinunuliwa kwa sababu ya bei.

Tukio la pili ni la John Entwistle wa The Who, wakati wa kurekodi wimbo My Generation mwaka 1965. Alitaka sauti kali ya besi za Danelectro, kampuni ya Nathan Daniel iliyojulikana kwa kupunguza gharama: fremu ya mbao za kawaida, uso wa hadibodi, na vinasa sauti vilivyofungwa ndani ya vikopo vya rangi ya mdomo. Lakini nyuzi zake zilikuwa nyembamba na zilikatika, na Uingereza hazikuuzwa peke yake. Ilimbidi Entwistle anunue besi nyingine nzima ili apate nyuzi! Alifika ya tatu kabla ya kukata tamaa na kurekodi kwa Fender. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye ununuzi.

Mwaka 1966 Fender wenyewe walitoa Mustang Bass ya inchi 30, ikiwalenga wanafunzi. Hapo ndipo sifa mbaya ilipokita mizizi: besi fupi ni ya watoto, mtu mzima hupiga 34. Ukweli haukuunga mkono dharau hiyo. Jack Bruce alipiga Gibson fupi na bendi ya Cream, Stanley Clarke alijenga jina lake kwenye Alembic fupi, na Tina Weymouth wa Talking Heads alipiga Mustang.

Kukata kichwa, kisha kukata skeli

Hadi hapo hakuna aliyeshuka sana chini ya inchi 28 au 30, kwa sababu chuma kilikataa. Mnamo miaka ya 1980 yalitokea mawazo mawili tofauti kabisa.

La kwanza ni la Ned Steinberger, msanifu wa samani aliyegeukia magitaa. Yeye hakugusa skeli. Aliuliza: kichwa cha gitaa kina kazi gani? Kina vifungo vya kukaza nyuzi tu. Basi akavihamishia mkiani, akatengeneza mwili mdogo wa nyuzi za kaboni na gundi ngumu, na besi ikapungua urefu bila uzi kupoteza hata sentimita moja. Kwa lugha yetu ya wasanidi programu, alifuta msimbo usiotumika, kazi yenyewe akaiacha ilivyo. Ilikuwa ghali, ingawa baadaye Hohner waliuza za bei ya chini kwa leseni.

Wazo la pili lilitoka Uingereza, kwa Alun Ashworth-Jones na Nigel Thornbory. Walichanganya majina yao wakapata Ashbory, iliyouzwa na Guild kuanzia mwaka 1986. Skeli inchi 18! Waliwezaje? Waliachana na chuma. Nyuzi zao zilikuwa za mpira wa silikoni, nene na laini, zinazobeba uzito bila ugumu. Lakini kinasa sauti cha kawaida cha gitaa ni sumaku, nayo haisikii mpira. Kwa hiyo waliweka kinasa cha piezo chini ya daraja, ambacho husikia mgandamizo wa uzi wenyewe, uwe wa chuma au wa mpira. Hivyo vitu viwili vilibadilishwa kwa pamoja. Kimoja bila kingine kisingefanya kazi.

Ajabu ni kwamba kichombo hicho kilitoa sauti ya kina, inayofanana na besi kubwa ya kusimama kuliko ya Fender. Shida zilikuwepo. Mpira hunata vidoleni, wengi wakapaka poda. Uzi mpya hunyooka kwa muda mrefu kabla ya kutulia. Na haikuwa na freti, mistari tu. Kwenye inchi 34, nusu toni ya kwanza ina upana wa karibu sentimita 4.8, kwenye inchi 18 ni sentimita 2.6. Kidole kikikosea kidogo tu, kila mtu anasikia. Ashbory ilitoweka, ikarudishwa na Fender mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la DeArmond, ikatoweka tena.

Wazo lenyewe halikufa. Nchini Marekani, Owen Holt wa Road Toad Music alitengeneza nyuzi za poliurethani akaziita Pahoehoe, jina la Kihawaii la lava laini. Akishirikiana na kampuni ya Kala ya California, wazo hilo likawa U-Bass, iliyoingia sokoni karibu na mwaka 2010: mwili wa ukulele, skeli ya inchi 20 hadi 21, piezo, na freti ukizitaka. Baada yake viwanda vingi vilinakili, na bei ikashuka hadi mtu wa kawaida akaweza kuanza kufikiria.

Basi ununue ipi?

Historia hii inatupa maswali ya kuuliza dukani, na la kwanza si kuhusu mbao.

Uliza nyuzi. Zinapatikana hapa mjini, au kila zikikatika utaagiza ng'ambo na kulipa usafiri na ushuru? Mkumbuke Entwistle. Kama utanunua ya nyuzi za mpira, nunua seti mbili siku hiyohiyo. Siku hizi kuna pia nyuzi za kuzungushiwa chuma kwa ajili ya besi za ukulele. Hazinati, lakini ule unene wa sauti hupungua.

Uliza kinasa sauti. Kwenye besi ndogo ya piezo, sauti yote inapita hapo. Ichomeke kwenye amplifaya, piga nyuzi zote nne kwa nguvu sawa. Kama mmoja unanong'ona na mwingine unapiga kelele, irudishe. Ya bei ya chini huanza kukosea hapo.

Uliza vidole vyako. Kama unafanya mazoezi ya kwenda kupiga besi ya inchi 34 kanisani, ile ya 20 itakufundisha nyimbo na mapigo, lakini nafasi za vidole zitakuwa tofauti. Kwa mtu huyo ningechagua inchi 28.6, kama Mikro ya Ibanez, au 30. Hutumia nyuzi za chuma, mkono huzoea haraka, na bei yake ni ya mwanafunzi. Weka nyuzi nene kidogo kurudisha ule mvutano uliopotea.

Uliza safari. Mashirika mengi ya ndege hutaka mzigo wa mkononi usizidi sentimita 55 hivi, na besi ya ukulele ina karibu 75. Marekani ina sheria ya mwaka 2012, iliyotungiwa kanuni mwaka 2015, inayoruhusu ala ndogo ndani ya ndege ikiwa kuna nafasi ya kuihifadhi. Kwingineko utategemea hisani ya wahudumu. Kwenye matatu haina tatizo: inakaa mapajani.

Kwa hiyo kwa msafiri, besi ya ukulele. Kwa mwanafunzi wa bendi, inchi 28.6 au 30. Na ukiwa na pesa kidogo zilizobaki baada ya kununua, usizitumie kwa mfuko wa kupendeza wala rangi ya kung'aa. Zitumie kwa nyuzi.