Pipa Halina Haraka

Tarehe 29 Mei 2001, kando ya ghuba ya Loch Indaal katika kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, vyungu vya shaba vya kiwanda cha Bruichladdich vilianza tena kuchemka. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka 1994. Kilichotiririka siku ile kilikuwa cheupe kama maji ya kisima, kilikuwa kikali, na hakikuwa wiski. Sheria iliyotokana na miaka ya Vita Kuu ya Kwanza inataka pombe hiyo ilale miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, humo humo Uskoti, ndipo ipewe jina. Na miaka 3 ni ya kupata jina tu. Ya kupata sifa ni 10 au 12, pengine na zaidi. Waliokinunua kiwanda walikuwa wametia fedha zao katika kitu ambacho hawangejua kama ni kizuri mpaka karibu mwaka 2011.

Hapo ndipo wiski inapotofautiana na mkate, na bia, hata na nguo. Ubora wake hufika kwa kuchelewa, na uzembe vivyo hivyo. Kosa la leo hunywewa na mgeni baada ya miaka kumi, wakati fundi aliyelitenda amekwisha kustaafu na kupewa saa ya ukutani. Ndiyo sababu historia ya viwanda vya Uskoti vilivyopanda daraja ni ngumu kuisoma: sababu iko katika muongo mmoja, ladha iko katika mwingine. Asiyegusa pombe naye anaweza kuifuata, maana kwa sehemu kubwa ni habari ya mbao na madeni.

Upishi wenyewe hauna siri. Anayejua gongo au chang'aa inavyopikwa anajua robo tatu ya kazi. Shayiri huloweshwa ikachipua ikawa kimea, kimea hukaushwa na kusagwa, kikatiwa maji ya moto, kisha hamira, kikachachuka. Uji huo huchemshwa, mvuke wake hupandishwa kwenye shingo ya chungu na kupoozwa ukarudi kuwa maji, halafu hupikwa mara ya pili. Ya kwanza kutoka haifai, ya mwisho haifai, kinachochukuliwa ni cha katikati. Kule Islay wengi hukaushia kimea kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi ambao huchimbwa, huanikwa na kuchomwa kama kuni. Harufu ya moshi huo haitoki tena. Robo iliyobaki ya kazi ni pipa, na robo hiyo ndiyo iliyowashinda wengi.

Haraka iliwahi kuiharibu wiski zamani sana, na aliyeileta alikuwa mtoza kodi. Mwishoni mwa karne ya 18 wapishi wa nyanda za chini za Uskoti walitozwa leseni kwa ukubwa wa chungu, bila kujali chungu hicho kilitoa pombe kiasi gani kwa mwaka. Wao wakafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: wakatengeneza vyungu vipana na vifupi kama sinia, vyenye kuchemka na kumwagwa ndani ya dakika chache, usiku na mchana. Kodi ikawa ndogo kwa kila lita, na pombe ikawa chungu mdomoni. Kule milimani, wakulima waliopika kwa kujificha hawakuwa na leseni ya kuwakimbiza, wakapika polepole. Matokeo yakawa kwamba pombe ya magendo ilikuwa bora kuliko ya halali, na kila mtu alilijua hilo. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822 alitaka anywe Glenlivet, ambayo wakati huo ilikuwa ya magendo. Mwaka uliofuata bunge likapunguza ushuru na kurahisisha leseni, na wakulima wale wakaanza kutoka mafichoni. Kenya ilijaribu dawa ya aina hiyo mwaka 2010 ilipohalalisha chang'aa, ingawa kule hakukuwa na mfalme wa kuitangaza.

Mji uliolipata somo hili kwa uchungu zaidi ni Campbeltown, ulio karibu na ncha ya rasi ya Kintyre. Alfred Barnard, mwandishi aliyezunguka nchi nzima akihesabu viwanda, alitembelea 21 katika mji huo peke yake katikati ya miaka ya 1880. Kufikia mwaka 1934 vilibaki viwili, Springbank na Glen Scotia. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa makaa ya mawe uliokuwa jirani ulifungwa, Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, uchumi wa dunia ukaanguka. Lakini wazee wa biashara hutaja kwanza jambo la aibu zaidi. Marufuku ile ilipofungua mlango wa magendo, baadhi ya viwanda vya mji viliona nafasi, vikapika ovyo ovyo, vikaweka kwenye mapipa yoyote yaliyopatikana, wateja wakaanza kusema wiski ya Campbeltown inanuka samaki. Masimulizi yanadai kwamba mapipa mengine yalikuwa yamebebewa samaki kweli. Liwe kweli lisiwe, jina lilikuwa limekwisha kuoza.

Springbank iliokoka kwa ubishi. Ilianzishwa mwaka 1828, ikakaa vizazi vingi katika ukoo mmoja, na leo huchipuza shayiri yake yote yenyewe, juu ya sakafu, kwa majembe ya kugeuzia, kazi ambayo karibu wenzake wote waliiachia viwanda vikubwa vya kimea. Hata hivyo nayo ilizima vyungu mwaka 1979, ikaanza kuviwasha tena kidogo kidogo mwaka 1987. Mwaka 2004 wenye Springbank walifufua Glengyle, kiwanda jirani kilichokuwa kimekufa tangu 1925. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na mazungumzo ya kuifuta Campbeltown katika orodha ya mikoa ya wiski kwa kuwa viwanda viwili havitoshi, wakati nyanda za chini zilibakizwa na vitatu. Mwenye Springbank wakati huo, Hedley Wright, akaamua kuleta cha tatu. Leo chupa za Springbank huwafikia wanunuzi wengi kwa bahati nasibu, si kwa kupanga foleni.

Miaka ya 1970 Uskoti ilipika kama vile dunia nzima ingeacha kunywa kitu kingine. Soko likageuka, maghala yakafurika, na mwaka 1983 kampuni kubwa ya DCL ilifunga viwanda 11 kwa mkupuo. Tunaowatazama kwa mbali tunadhani balaa lilikuwa kufungwa. Kwa mnywaji, balaa lilikuwa ndani ya mapipa.

Kwa zaidi ya karne Waskoti hawakuwa na haja ya kununua mapipa mapya. Mvinyo wa sheri ulisafirishwa kutoka Hispania ukiwa ndani ya mapipa, ukamiminwa kwenye chupa huko Uingereza, na mapipa matupu yenye harufu tamu yaliuzwa kwa bei ya chee. Polepole safari hizo zilipungua, na katikati ya miaka ya 1980 Hispania ikataka sheri itiwe kwenye chupa huko huko kwao. Mapipa ya wiski ya Marekani yaliziba pengo, kwani sheria ya kule tangu miaka ya 1930 inataka kila pipa litumike mara moja tu kwa bourbon. Yalikuwa mengi na ya bei nafuu, lakini hata hayo yalitumika, yakatumika tena, na tena. Pipa la mwaloni ni kama majani ya chai: mara ya kwanza linatoa rangi na utamu, mara ya pili linatoa kiasi, mara ya nne ni maji ya moto. Wengine walijaribu kuyafufua mapipa yaliyochoka kwa kuyapaka sharubati nzito ya zabibu iitwayo paxarette, desturi iliyokomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu aliyenunua chupa ya miaka 12 mwaka 1993 mara nyingi alikunywa mbao iliyochoka, pamoja na uamuzi wa mhasibu wa mwaka 1981.

Marekebisho yalianzia hapo. Kampuni zilianza kulipia mapipa kabla hayajatumika, zikipeleka mwaloni Jerez, Hispania, ukalowane na sheri miaka kadhaa kwa ajili ya wiski tu. Wanakemia waliingia maghalani. Mmoja wao, Jim Swan aliyefariki mwaka 2017, alieneza mbinu ya kukwangua pipa la mvinyo mwekundu kwa ndani, kulibanika na kulichoma upya. Na kukaja uamuzi mdogo wenye athari kubwa: kuacha kuchuja kwa baridi. Wiski iliyopunguzwa hadi asilimia 40 huweza kufifia na kuwa na ukungu ikipata baridi, na wauzaji waliogopa wateja wangedhani imeharibika. Wakaipooza na kuichuja, ule ukungu ukatoka pamoja na mafuta yanayobeba ladha. Ukiiacha kwenye asilimia 46 au zaidi, haina haja ya kuchujwa hivyo. Deanston, ambacho hadi miaka ya 1960 kilikuwa kiwanda cha kusokota pamba, kilikuwa hakitajwi na mtu. Kilipopandisha nguvu hadi asilimia 46.3 na kuacha uchujaji huo, watu walewale waliokipita walianza kurudi nyuma kusoma lebo.

Ardbeg, pia ya Islay, ilifanya kitu ambacho nakipenda kuliko vyote: ilimwonyesha mteja kungoja kwenyewe. Ilifungwa mwaka 1981, ikaamshwa kidogo mwaka 1989, ikazimwa tena 1996. Kampuni ya Glenmorangie iliinunua mwaka 1997 kwa paundi milioni 7 na kuwasha vyungu. Tatizo la kila aliyefufua kiwanda lilikuwa lilelile: unauza nini wakati chako kinalala? Ardbeg ilianza kwa akiba ya zamani, kisha ikawa inatoa pombe ile ile ya mwaka 1998 hatua kwa hatua, ikiipa majina yanayosema "changa sana", "bado changa" na "karibu ifike". Mwaka 2008, ilipotimiza miaka 10, ikaitwa "kuzaliwa upya". Sijui biashara nyingine iliyowauzia watu picha za utoto wake ikafanikiwa.

Bruichladdich, ambalo wenyeji hulitamka "bruk-ladi", lilichukua njia ya makelele. Ndugu watatu wa ukoo wa Harvey walilijenga mwaka 1881, na mashine nyingi za enzi hiyo zilikuwa bado zimo. Walionunua mwishoni mwa mwaka 2000, wakiongozwa na mfanyabiashara wa mvinyo Mark Reynier, walilipa kama paundi milioni 6.5. Hawakuwa na fedha za mitambo ya kisasa, wakaifungua ya zamani vipande vipande na kuifunga tena. Upungufu ukageuka kuwa sera: hakuna kompyuta ya kuamua ni wakati gani wa kuchukua kile cha katikati, mtu ndiye anaamua. Wa kuwafundisha hao watu alikuwa Jim McEwan, mtoto wa Islay aliyeanza kazi mwaka 1963 akiwa na miaka 15, mwanafunzi wa fundi mapipa huko Bowmore, ng'ambo ya ghuba. Macho yake yalikwenda kwenye mapipa kwanza. Mengi yaliyorithiwa ghalani yalikuwa yamechoka, akahamishia wiski kwenye mapipa hai, mengine ya mvinyo wa Ufaransa. Wapo waliosema amezidisha. Nadhani mara nyingine alizidisha.

Walifunga kamera za intaneti ili mashabiki watazame vyungu. Mwaka 2003 ulifika ujumbe kutoka Marekani kuwaarifu kwamba kamera moja imeharibika. Aliyeandika alikuwa ofisa wa idara ya ulinzi inayofuatilia silaha za maangamizi, wakati huo vita vya Iraq vikiwa motoni. Mitambo ya kupikia wiski inafanana na ya kutengenezea kemikali za sumu, na ofisi ile ilikuwa ikiangalia. Kiwanda hakikuachia nafasi hiyo ipite, kikatoa chupa maalumu iliyotania silaha hizo.

Utani huo ulilipa bili, na pombe ya jini iliyoanza kupikwa mwaka 2010 ilisaidia zaidi, kwa kuwa jini haingoji pipa. Tangu 2004 wakulima wa kisiwa wakaanza kulima shayiri kwa ajili ya kiwanda. Mwaka 2011 chupa ya kwanza ya miaka 10 iliyopikwa na wamiliki hao wapya ikatoka. Ilikuwa safi, yenye harufu ya asali na upepo wa bahari, bila moshi. Mwaka uliofuata kampuni ya Ufaransa ya Rémy Cointreau ikakinunua kiwanda kwa paundi milioni 58. Reynier alipinga mauzo, akashindwa. Tazameni tarehe hizo mbili: mnunuzi hakuja mpaka lile pipa lilipofunguliwa.

Wako wanywaji wazee wanaoapa kwamba wiski ya miaka ya 1960 haijarudi, na huenda hawakosei kuhusu chupa nzuri za wakati ule. Lakini zile mbaya za wakati huo zilikwisha kunywewa na kusahaulika, hazina wa kuzisifia. Kilichopanda Uskoti si kilele. Kilichopanda ni sakafu.

Machi 2024 kiwanda cha Port Ellen, Islay, kimojawapo cha vile 11 vya mwaka 1983, kilifunguliwa upya. Katika ile miaka 40 ya ukimya, mapipa yake machache yaliyosalia yaligeuka kuwa hazina, na chupa zake zikauzwa kwa maelfu ya paundi. Kilifungwa kwa kuwa wiski ilikuwa nyingi mno. Vyungu vyake vikuu vipya vimefuatishwa umbo la vile vya zamani, na wageni huonyeshwa kila kitu kupitia vioo vikubwa vinavyotazama bahari. Kilichotiririka humo mwaka 2024 kinapata jina la wiski mwaka 2027, na kutimiza miaka 10 mwaka 2034.