Linux, michezo ya kompyuta na suala la mwenye nyumba

Mwishoni mwa mwaka 2025 mtoto wa jirani yangu, kijana wa kidato cha nne, alinijia na kompyuta yake ya mtumba kwapani. Tarehe 14 Oktoba ya mwaka huo kampuni ya Microsoft ilikuwa imeacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa muda wa nyongeza kwa waliojiandikisha, na Windows 11 inadai mashine mpya kuliko ile ya kijana. Mashine yenyewe ni nzima, inawaka na inafanya kazi. Kosa lake ni umri. Mtu alikuwa amemshauri aweke Linux, ambayo haina bei. Kijana hakuniuliza habari za kuandika barua wala kupiga hesabu. Aliniuliza jambo moja tu: "Shikamoo mzee. Hivi, michezo itachezeka?"

Miaka ishirini iliyopita ningemjibu kwa neno moja. Leo jibu lina historia ndefu, na hiyo ndiyo mada yetu ya wiki hii.

Kwanza tukumbushane Linux ni nini. Kila kompyuta ina programu kuu inayoiamsha na kuzisimamia programu nyingine zote. Windows ni mojawapo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu kuu ambayo mtu yeyote ataruhusiwa kusoma maandishi yake ya ndani, kuyabadili na kumgawia mwenzake. Kazi hiyo ilikuwa bado haijapata kiini chake pale ambapo, mwezi Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliwaarifu wenzake kwamba anaandika kitu cha namna hiyo kwa kujifurahisha tu. Kazi hizo mbili ziliungana. Wengi wa huku kwetu waliijua baadaye kwa sura ya Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 kwa gharama za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni utu wetu ule ule, na kwa miaka kadhaa diski zake zilitumwa kwa posta, bila malipo, kwa aliyeomba.

Linux ilienea sana katika mitambo ya intaneti, lakini mezani kwa mtu wa kawaida ilibaki mgeni, na sababu moja kubwa ilikuwa michezo. Mtengenezaji wa michezo hupeleka bidhaa yake penye wanunuzi, na mnunuzi huenda penye michezo. Ni habari ya yai na kuku.

Si kwamba mwanzo haukuwa mwema. Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Doom, mchezo wa kupambana na mashetani uliowakosesha usingizi vijana wa nchi nyingi. Mwaka uliofuata mfanyakazi wake, Dave Taylor, aliuhamishia kwenye Linux. Desemba 1997 John Carmack, fundi mkuu wa kampuni hiyo, alipoamua kuyaweka wazi maandishi ya ndani ya Doom, yaliyotolewa yalikuwa yale ya toleo la Linux, kwa kuwa toleo la DOS lilikuwa na programu ya sauti ya watu wengine ambayo id haikuwa na haki ya kuigawa.

Microsoft nayo haikulala. Ilijua kwamba watengenezaji wa michezo waliipenda DOS ya zamani na kuidharau Windows 95. Mwaka 1995 ikatoa DirectX, yaani njia moja ya mchezo kuongea na kadi ya picha na ya sauti bila kujali nani aliiunda. Na ili kuwashawishi wenye shaka, iliihamishia Doom hiyo hiyo kwenye Windows 95. Aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Gabe Newell. Likumbukeni jina hilo.

Sasa niwape habari ya Loki, ambayo mimi huiona kuwa ya kusikitisha kuliko zote. Mwaka 1998 Scott Draeker alianzisha kampuni ndogo huko California. Biashara yake ilikuwa kununua haki ya michezo ya Windows, kuiandika upya kwa ajili ya Linux, na kuiuza kihalali ndani ya maboksi yake. Ilianza na Civilization: Call to Power mwaka 1999, ikafuata Quake III na mingine. Kazi yao ilikuwa safi. Lakini boksi la Windows lilitangulia dukani, na mwenye Linux aliyenunua CD ile ya Windows aliweza kuchukua bure kwenye intaneti kipande cha kuuendeshea mchezo katika Linux. Kwa nini basi asubiri boksi la Loki? Agosti 2001 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na Januari 2002 ikafunga milango. Kilichosalia ni vifaa vya kazi, hasa SDL, mkusanyiko wa programu wa Sam Lantinga unaousaidia mchezo kushika skrini, sauti na vitufe. Huo ungali ukitumika.

Njia ya pili ilikuwa ya ukalimani. Mchezo wa Windows muda wote huiomba Windows huduma: nifungulie dirisha, nisomee faili hili, piga sauti ile. Mwaka 1993 baadhi ya wapenzi wa Linux walijiuliza: je, tukimweka mtu katikati anayezisikia amri hizo na kuzijibu kwa lugha ya Linux, mchezo utajuaje kwamba hauko kwao? Programu hiyo ikaitwa Wine. Tangu 1994 kiongozi wake ni Alexandre Julliard. Tafakarini uzito wa kazi hiyo. Maandishi ya ndani ya Windows ni siri ya Microsoft, kwa hiyo ilibidi kuiuliza Windows swali moja moja, kuangalia inajibu nini, kisha kuandika kitu kitakachojibu vivyo hivyo, pamoja na makosa yake, maana kuna michezo inayoyategemea hata makosa. Toleo la kwanza waliloliona linafaa kuitwa 1.0 lilitoka Juni 2008. Ni miaka kumi na mitano.

Wakati huo wote ulikuwapo ubishi ndani ya nyumba. Wapo waliosema Wine ni sumu: ukishakuwa na mkalimani, nani atajifunza lugha yako? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na nitairudia.

Kilichobadili mambo hakikuwa mapenzi ya uhuru. Ilikuwa hofu ya mfanyabiashara. Newell alikwisha kuondoka Microsoft mwaka 1996 na kuanzisha Valve, kampuni ambayo tangu 2003 inaendesha Steam, duka kubwa la michezo linalouza kwa intaneti. Duka hilo lilisimama juu ya Windows kama mpangaji kwenye kiwanja cha mtu. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 ikiwa na duka lake lenyewe ndani. Kila mpangaji anajua maana yake, mwenye nyumba anapofungua kioski mlangoni pako na kuuza bidhaa zile zile unazouza. Newell alisema hadharani kuwa Windows 8 ni balaa, na Februari 2013 Steam ikafunguliwa rasmi kwa Linux.

Hata hivyo fedha peke yake haikutosha. Mashine maalumu za Steam zilizoingia sokoni 2015 zilidoda, kwani michezo iliyoandikwa kwa Linux bado ilikuwa michache. Hapo ndipo Valve ilipougeukia ukalimani. Mwandishi mmoja wa programu alikuwa na hamu ya kucheza NieR: Automata, mchezo wa Kijapani wa 2017, kwenye Linux yake, akaandika DXVK, inayofasiri amri za picha za DirectX kwenda Vulkan, lugha ya picha iliyo wazi kwa wote. Valve ikamwajiri. Agosti 2018 ikaunganisha kazi yake na Wine, ikaita jumla yake Proton. Katika orodha ya kwanza ya michezo 27 iliyothibitishwa, Doom ilikuwamo. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kompyuta ya kushika mikononi, ambayo ndani yake ni Linux ingawa wengi walioinunua hawana habari. Kwa hesabu ya Steam yenyewe, mwezi Oktoba 2025 watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3. Ni wachache, lakini Proton ilipotoka hawakufika hata asilimia moja.

Je, huu ni ushindi? Mimi nasema ni ushindi wa namna yake. Waliosema Wine ni sumu hawakukosea sana: makampuni kadhaa yaliyokuwa yakiandika michezo kwa Linux yameacha, yakisema Proton inatosha. Upande wa pili, michezo ya Loki, iliyoandikwa kwa Linux hasa, leo ni taabu kuiendesha juu ya Linux ya sasa, ilhali michezo mingi ya Windows ya miaka ile ile inaamka vizuri kupitia Wine.

Na lipo lango ambalo mkalimani hapiti. Michezo mikubwa ya kushindana kwa intaneti huweka mlinzi wa kukamata wadanganyifu, naye mara nyingi hutaka kukaa ndani kabisa ya Windows. Wenye Fortnite wamekataa kumruhusu afanye kazi kwenye Linux. Wenye Apex Legends waliruhusu mwaka 2022, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 wakafunga, wakidai wadanganyifu wanajificha humo.

Kijana wangu niliyaeleza yote haya kwa kifupi, kisha tukaiweka Linux kwenye ile mashine. Mpira unachezeka na magari yanakimbia. Mchezo mmoja, ule anaocheza na wenzake wa mtaani jioni, ulifunguka hadi kwenye mlango wa mlinzi ukakwama. Alifikiri kidogo, akaniomba tuigawe diski na kuibakiza Windows 10 upande wa pili, kwa ajili ya mchezo huo mmoja.