Upimaji wa Mwendo wa Msuli wa Moyo kwa MRI

Upimaji wa mwendo wa msuli wa moyo kwa MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ni njia ya kutumia kompyuta kukokotoa, kipande kwa kipande, jinsi ukuta wa moyo unavyojikunja na kulegea katika kila pigo. Hospitalini, kipimo kilichozoeleka ni asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto husukuma nje. Lakini asilimia hiyo yaweza kubaki ya kawaida ilhali msuli umekwisha kuchoka, hasa kwa aliyeishi na shinikizo la damu miaka mingi.

Kinachopimwa hapa ni kufupika. Kwenye moyo wenye afya msuli hufupika kwa karibu asilimia 20 kutoka kitako hadi ncha: sentimita 10 huwa 8. Namba huandikwa na alama ya kutoa, kwa hiyo -20 ni habari njema kuliko -12, jambo linalowababaisha wasomaji wapya wa ripoti.

Mwaka 1988 Elias Zerhouni, daktari mzaliwa wa Algeria, na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha namna ya kuchora mistari myeusi ndani ya msuli kwa nguvu ya sumaku. Msuli ukijikunja, mistari nayo hupinda. Mtafiti mwingine, Leon Axel, akaja na gridi ya mistari kama hiyo mwaka 1989. Ila kuifuatilia mistari hiyo kwa mkono, picha baada ya picha, ilikuwa kazi ya kuchosha, na mistari yenyewe hufifia kabla pigo halijaisha. Mwaka 1999 Nael Osman na Jerry Prince, nao wa Johns Hopkins, walitoa HARP, mbinu inayoifanya kompyuta isome mwendo huo yenyewe kwa haraka. Programu za baadaye hazihitaji mistari: hufuata kingo za msuli kwenye picha za kawaida za moyo unaodunda.

Kwa wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mlango wa kwanza si MRI bali eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya huhudumia mikoa saba, Iringa ukiwamo, na wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam hufika mikoani kwa tiba mkoba. Mashine ya eko hubebeka. Ya MRI haibebeki, nayo humtaka mgonjwa abane pumzi mara kwa mara, mtihani mgumu kwa anayehema. Mapigo yasiyo na mpangilio, yanayowapata wengi wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, nayo huvuruga picha.

Eko nayo ina programu za kufuatilia msuli, lakini majibu yake hayalingani moja kwa moja na ya MRI, wala ya mtengenezaji mmoja na ya mwingine. Mgonjwa akipimwa Mbeya, kisha Dar es Salaam, tofauti ya pointi mbili tatu yaweza kuwa ya programu, si ya moyo. Ndiyo maana ripoti anayosafiri nayo inafaa itaje mashine, programu na toleo lake.