Huna bima ya afya? Mambo ya kujua kabla mtoto hajaugua

Mama au mlezi, kama unaishi au unafanya biashara Kariakoo, Gerezani, Mchikichini au Jangwani, hospitali haziko mbali nawe. Mnazi Mmoja iko jirani na soko, Amana iko Ilala, na Muhimbili, hospitali ya taifa, iko Upanga. Hapo katikati zahanati na hospitali binafsi ni nyingi. Kinachomchelewesha mtoto wa mama lishe au wa mbeba mizigo ni hela ya dirishani. Mtoto mwenye kadi ya bima hupelekwa homa inapoanza. Asiye na kadi hupewa panadoli, husubiri mauzo ya jioni, na mara nyingi tunampokea siku ya tatu akiwa amelegea.

Makala hii inakueleza huduma ambazo hupaswi kulipia, la kufanya ukiambiwa ulipe na huna, na wakati mzuri wa kujiunga na bima.

Kwa nini wengine wana bima na wewe huna

Bibi yako akikwambia zamani hospitali ilikuwa bure, anasema kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilibeba gharama za matibabu, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991, na kuanzia 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Wao hukatwa mchango kwenye mshahara kila mwezi, hata hawausikii ukiondoka. Anayeuza mitumba au chapati hana mshahara wa kukatwa. Anatakiwa kutoa fedha ya mwaka kwa mkupuo, tena mwezi uleule wa kodi ya chumba na ada ya shule. Usijione mzembe kwa kukosa kadi.

Huduma ambazo hupaswi kulipia

Kwa sera ya afya ya nchi, katika vituo vya serikali mjamzito hahudumiwi kwa malipo kwa mambo ya ujauzito na kujifungua. Mtoto chini ya miaka 5 naye ana msamaha. Chanjo ni bure. Uzazi wa mpango ni bure. Kifua kikuu na VVU hutibiwa bila malipo, mkubwa kwa mdogo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha pia, kwa hiyo kama unamlea mjukuu na wewe mwenyewe una presha, uliza dirisha la wazee.

Sasa tuseme ukweli, maana wengi mmewahi kuambiwa "bure" mkarudi nyumbani na karatasi ya kununua dawa. Msamaha unafuta malipo ya kituo, lakini haujazi stoo. Dawa ikiwa imeisha, utaandikiwa ukanunue nje. Kabla hujaondoka, uliza kama kuna dawa mbadala iliyopo pale pale. Ukiona mambo hayaeleweki, omba kumwona mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo. Ni haki yako, na kuuliza kwa heshima si ugomvi.

Ukilazimika kununua, nunua dozi nzima. Dawa mseto ya malaria ni ya siku tatu. Mtoto akinywa siku moja kwa sababu hela imeishia hapo, homa inaweza kushuka halafu ikarudi kwa nguvu. Na usianze kwenye duka la dawa kwa kukisia malaria: kipimo cha haraka hufanyika zahanati, na kwa mtoto chini ya miaka 5 kipo ndani ya msamaha. Homa nyingi za watoto wala si malaria.

Anzia karibu

Anza zahanati au kituo cha afya, upewe barua ya rufaa tatizo likiwa kubwa. Akina mama wengi hukimbilia hospitali kubwa moja kwa moja kwa kuamini ndiko kwenye madaktari. Nawaelewa. Lakini ukifika bila rufaa unaweza kutakiwa kulipia huduma ambayo ungeipata kwa msamaha ngazi ya chini. Jihadhari pia na kliniki za malipo zilizo ndani ya hospitali za serikali. Ukiandikishwa huko kwa sababu foleni ni fupi, unahudumiwa kama mgonjwa wa kulipa.

Dharura ni habari nyingine. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asijitambue, au kifua kikibonyea anapopumua, nenda kituo kilicho karibu zaidi saa hiyohiyo. Usirudi nyumbani kutafuta hela. Malipo yatajadiliwa mtoto akiwa kwenye matibabu. Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa sana kichwa na kuona maruweruwe, au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni, naye asisubiri. Kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua karibuni au kichanga, piga 115 bure, namba ya mfumo wa usafiri wa M-mama.

Mtoto ana miaka 7 na huna hela

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Msamaha wa umri umeisha, na bima hakuna. Kila hospitali ya serikali ina afisa ustawi wa jamii. Kazi yake mojawapo ni kuongea na mgonjwa asiyemudu gharama na kuamua asamehewe yote, apunguziwe, au alipe kidogo kidogo. Mwombe muuguzi akuelekeze kwake mapema, mara tu mtoto anapopokelewa. Wengi huenda siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshapanda, na mazungumzo yanakuwa magumu.

Atataka kujua unaishi wapi, unategemea nini, una watoto wangapi. Mweleze ukweli bila aibu. Mara nyingi atahitaji barua ya serikali ya mtaa. Barua hiyo hutoka mtaa unaolala, hata kama kutwa nzima uko Kariakoo. Ukiwa umepanga chumba Buguruni au Vingunguti na mjumbe hakujui, utazungushwa huku mtoto yuko wodini. Nenda ukajitambulishe kwa mjumbe wiki hii, na watoto wakiwa wazima. Kama kaya yako iko TASAF, sema.

Kila unacholipa hospitali ya serikali kiwe na namba ya malipo na risiti. Anayetaka hela mkononi bila risiti hakusaidii kupunguza gharama. Malalamiko ya huduma yapeleke kwa mganga mfawidhi au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Rushwa ni 113, TAKUKURU.

Kujiunga na bima

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko kwa ajili ya wasio na uwezo. Viwango na utaratibu hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya mtaa, kituo cha afya au NHIF, wala usimpe fedha mtu anayejiita wakala barabarani.

Mengi tumejifunza kwenye Toto Afya Kadi. Ilianza 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, mfuko ukazidiwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule. Baadaye ulirudi kwa utaratibu mpya. Bima huenda vizuri mkijiunga wazima pamoja na wagonjwa. Kwako pia, kadi huchukua muda kutoka, haitakufaa usiku huohuo wa homa. Uliza itaanza kutumika lini na inalipia nini.

Fedha ya mkupuo ikikushinda, tumia mnachokijua tayari. Kikundi cha VICOBA kinaweza kutenga sehemu ya hisa kwa ajili ya bima. Wanaocheza mchezo wanaweza kukubaliana na kijumbe kwamba kila anayepokea anaanza na bima ya watoto wake kabla ya kununua mzigo. Andaa nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kama mtoto ana tangazo la kizazi tu, anza kufuatilia cheti sasa, kisha kiweke mfuko mmoja na kadi yake ya kliniki na namba yako ya NIDA.