Tiyo ikipasuka, waya ikiungua: kulipa bima kila mwezi ao kuweka akiba?

Mvua kubwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi robine haitoi hata tone, na kando ya ukuta maji yanachuruzika ndani ya udongo. Fundi anachimba, anaonyesha tiyo iliyopasuka, anataja bei. Hapo ndipo mabishano yanaanza katika familia nyingi za Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira: nani analipa? Shirika la maji, mwenye nyumba ao mpangaji? Na kama ni mwenye nyumba, ingefaa awe na bima, ile watu wanaita asiransi, ili siku ya shida mwingine ndiye atoe pesa?

Jibu fupi ni hili: kwa nyumba nyingi, akiba ndogo inayowekwa kwa nidhamu inashinda bima ya tiyo na waya. Bima inafaa pale ambapo hasara ni kubwa kuliko ile familia inaweza kubeba. Lakini kabla ya kuamua, kuko mambo matatu ya kujua: mali ya nani inaishia wapi, kutengeneza kunagharimu kiasi gani, na kontra ya bima inasema nini.

Mpaka ni kompteri

Katika miji ya mashariki, maji ya robine yanatolewa hasa na REGIDESO, shirika lililoanzishwa mwaka 1939. Umeme unatolewa na SNEL, iliyoanzishwa mwaka 1970, na tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilipofungua mlango, hata makampuni mengine. Mfano unaojulikana ni Virunga Energies, inayoleta Goma umeme wa Matebe, kule Rutshuru.

Kila mmoja wao anampa mteja kontra. Kwa kawaida mpaka ni kompteri: mtandao wa barabarani na kompteri yenyewe viko mikononi mwa shirika, na kinachotoka kwenye kompteri kuingia nyumbani ni mzigo wa mteja. Lakini kontra zinaweza kutofautiana. Mwenye nyumba aisome yake, na kama imepotea, aende kwenye ofisi ya shirika aombe kopi. Swali la kuuliza ni moja: «Tiyo ao waya ikiharibika kati ya barabara na kompteri, nani anatengeneza?»

Jambo hili si dogo. Kuko mitaa ambako kompteri iko ukutani mwa nyumba, na nyingine ambako imewekwa barabarani, mbali na mlango. Pale Bukavu, tiyo inaweza kuteremka mlima mkali ikipita kwenye viwanja vya majirani wawili ao watatu. Udongo ukitelemka, tiyo inavutika na kukatika. Pale Goma, kuchimba ndani ya mawe ya volkano ni kazi ngumu, kwa hiyo tiyo nyingi zinalala juu ya mawe: jua linazichoma, miguu na magurudumu yanazikanyaga. Kadiri mita za mteja zinavyokuwa nyingi, ndivyo hatari yake inavyokuwa kubwa.

Kwa mpangaji, kuko mpaka mwingine. Robine iliyoharibika kwa kuitumia, mara nyingi ni juu yake. Tiyo ya chini ya udongo ni juu ya mwenye nyumba. Heri jambo hilo liandikwe ndani ya kontra ya nyumba siku ya kutoa garanti, kuliko kugombana siku maji yanapomwagika.

Bima hii ilitoka wapi

Bima ya tiyo na waya peke yake si ya zamani, na haikuzaliwa huku. Uingereza, kampuni ya HomeServe ilianza mwaka 1993 pamoja na shirika la maji la South Staffordshire. Marekani pia biashara hiyo imeenea, na familia za Kivu zilizohamia huko na kununua nyumba zinaweza kupokea barua za namna hiyo: lipa dola kadhaa kila mwezi, na tiyo ikipasuka kati ya barabara na nyumba yako, sisi tutatengeneza.

Historia yake inafundisha. Mwaka 2014, mamlaka ya Uingereza inayosimamia makampuni ya pesa iliitoza HomeServe faini ya zaidi ya pauni milioni 30, kwa sababu ya kuuza bima kwa njia mbaya na kutoshughulikia vizuri malalamiko ya wateja. Na tarehe 1 Oktoba 2011, huko England na Wales, tiyo nyingi za maji machafu ambazo nyumba zinashirikiana zilihamishwa kuwa mali ya mashirika. Kwa hiyo hatari ambayo mtu aliwahi kuilipia bima inaweza kuacha kuwa yake kabisa, na bila kuuliza, hatajua.

Mtu wa familia akipiga simu kutoka ng'ambo kuomba shauri, la kumwambia ni hili: barua yenye alama ya shirika la maji haina maana kwamba bima hiyo ni ya lazima. Na kabla ya kusaini, aangalie bima yake ya nyumba. Huko, makampuni mengine yanaongeza tiyo na waya juu ya bima hiyo kwa pesa kidogo.

Kwetu kuko nini

Kongo, kwa miaka mingi bima ilikuwa kazi ya SONAS peke yake, tangu 1966. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliondoa hali hiyo. Mamlaka inayosimamia kazi hii inaitwa ARCA, na tangu 2019 makampuni ya kibinafsi yalianza kupata ruhusa. Mtu akija mlangoni kuuza bima, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kampuni yake ina ruhusa ya ARCA. Asiyeweza kuionyesha, asipewe hata franga moja.

Bima inayokaribia shida ya tiyo ni ile ya nyumba nzima, ambayo kwa Kifaransa inaitwa multirisque habitation. Inaweza kuweka pamoja moto, wizi na uharibifu wa maji. Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. «Uharibifu wa maji» kwa kawaida maana yake ni vitu ambavyo maji yameharibu: dari, godoro, makochi, ukuta wa jirani. Tiyo yenyewe iliyopasuka chini ya udongo, pamoja na kazi ya kuchimba, mara nyingi haimo. Mwenye nyumba anaweza kulipa miaka mitano akiamini tiyo yake iko salama, kumbe aliyekingwa ni makochi.

Hesabu ya kalamu na karatasi

Tuchukue mfano. Bima inaombwa dola 4 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 48, kwa miaka mitano ni dola 240. Katika miaka hiyo tiyo inapasuka mara mbili, na kila mara fundi na vifaa ni dola 80. Jumla ni dola 160. Asiyekuwa na bima amebakiza dola 80 mfukoni.

Sasa tuweke ile wanaita franshizi, yaani sehemu ambayo mteja anabeba mwenyewe kila mara. Kama ni dola 25, bima italipa dola 55 kila mara, jumla dola 110. Familia imetoa 240 ili kupata 110.

Mfano wa pili: nyumba iko chini ya mlima, tiyo ni ndefu, inakatika mara moja tu lakini kazi yote ni dola 500. Hapo bima inaonekana nzuri: baada ya franshizi, ingelipa dola 475. Lakini kama kontra inasema kwamba kampuni haivuki dola 200 kwa tukio moja, familia inapata 200, pungufu ya ile 240 iliyotoa, na bado inatafuta dola 300 za kumaliza kazi.

Bei za mfano si bei za kila mtaa. Mwenye nyumba aombe mafundi wawili wampe bei ya kubadilisha tiyo yote ya kwake, kutoka kompteri hadi robine, kisha aiweke kando ya bei ya bima ya miaka mitano. Karatasi hiyo itasema ukweli kuliko ajenti.

Maneno madogo yanayokula pesa

Kuko sehemu za kontra zinazopaswa kusomwa mara mbili. Kama Kifaransa ni kigumu, mtoto wa shule ao jirani anayekijua asome kwa sauti.

Muda wa kungoja: mikataba mingine hailipi kitu katika wiki ao miezi ya kwanza.

Uchakavu: tiyo iliyooza kwa uzee inaweza kukataliwa. Na tiyo nyingi zinapasuka kwa sababu zimezeeka.

Vita na maafa: mikataba mingi ya bima inaacha nje vita na fujo, na mara nyingi matetemeko, mafuriko na volkano isipokuwa imeandikwa wazi. Kwa mkaaji wa mashariki, hilo ndilo swali lenyewe. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu njia za umeme na mitambo ya maji ya Goma. Uvira, mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba na tiyo pamoja. Bima isiyolipa siku za namna hiyo inamkinga mtu na mvua ndogo tu.

Uunganishaji wa siri: mtu aliyechomeka waya ao tiyo bila kompteri asitegemee kulipwa na bima yoyote.

Mahali pa kulipwa: ofisi iko wapi, na pesa itafika namna gani? Mwanzoni mwa 2025, wakati wa vita, mabenki ya Goma yalifunga milango, na watu wenye pesa zao ndani walikosa namna ya kuzitoa. Malipo ya bima pia yanahitaji njia ya kupita.

Kasha ya avenyu

Familia nyingi tayari zina chombo. Katika AVEC, vikundi vya akiba na mkopo vinavyojulikana hadi vijijini, mara nyingi kuko kasha ya kusaidiana, tofauti na ile ya mikopo. Nyumba kumi zinazogawana njia moja ya tiyo zinaweza kufanya vilevile: kila nyumba inatoa pesa kidogo kwa mwezi, kitabu kinashikwa na mmoja, ufunguo na mwingine, na kanuni inaandikwa: inalipa tiyo na waya tu, si matanga wala harusi.

Likelemba haifanyi kazi hiyo. Likelemba inalipa kwa zamu. Tiyo haipasuki kwa zamu. Anayeweka peke yake naye aitenge pesa ya tiyo na pesa ya chakula, kwa sababu akiba isiyo na jina inaliwa.

Kuzuia ni nafuu kuliko kulipa

Kupima kama tiyo inavuja hakuhitaji fundi. Watu wa nyumbani wafunge robine zote na kutazama kompteri ya maji. Kama gurudumu lake linazunguka, maji yanapotea upande wa mteja, na faktire inapanda usiku na mchana. Pakiwa na vane ya kufunga kwenye mlango wa nyumba, waifunge vilevile: gurudumu likisimama, tatizo ni ndani, likiendelea, ni kati ya kompteri na nyumba.

Tiyo inayovuja haipotezi pesa peke yake. Maji yakikatika mjini, presha inashuka, na tundu lililokuwa linatoa maji linaanza kuvuta uchafu wa mufereji kuingia ndani. Katika miji kama Uvira, Kalemie na Goma, ambako kolera inarudi mara kwa mara, tundu hilo halipaswi kungoja mwisho wa mwezi. Maji ya siku za kwanza baada ya kutengeneza yachemshwe ao yatiwe dawa.

Upande wa umeme, waya iliyoanguka haiguswi na mtu yeyote, hata kama mtaa mzima hauna umeme, kwa sababu unaweza kurudi wakati wowote. Harufu ya kuungua ikisikika, disjonkteri ishushwe kwanza, fundi aitwe baadaye. Wakaaji wa nyumba za mbao za Kadutu, Bukavu, wanajua moto mmoja unavyoweza kuvuka avenyu nzima.

Na hapo ndipo bima inapata maana yake. Tiyo iliyopasuka inaumiza mwezi mmoja. Nyumba iliyoungua inarudisha familia nyuma miaka ishirini. Mwenye pesa kidogo ya bima aulize kwanza bei ya kukinga nyumba na moto, na kama nyumba ya mbao inakubaliwa. Tiyo, kasha ya avenyu inaiweza.